Siku 31 Chennai: mimi, mama na jiko la gesi

Jumamosi, 4 Januari 2025

Tumetua Chennai alfajiri, kupitia Dubai. Saa za huku zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayonichanganya kila nikitaka kupiga simu nyumbani. Mama alishuka kwa kiti cha magurudumu, ameukumbatia mkoba wenye picha za moyo wake na karatasi za mwaka 2009.

Wengi waliniuliza kwa nini India wakati Dar ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni swali la haki. Mama alipopasuliwa mara ya kwanza, 2009, taasisi hiyo haikuwepo bado, ilianza 2015. Alikuja hapa Chennai na marehemu baba, akawekewa vali, yaani kilango cha kupitisha damu ndani ya moyo, iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama. Vali za aina hiyo huchakaa baada ya miaka kumi na kitu, na yake imechakaa. Daktari aliyempasua bado yuko kazini. Mama akasema kifua chake kilishafunguliwa na mkono ule, basi kama ni kufunguliwa tena, kifunguliwe na mkono ule ule. Hatukubishana naye.

Sharti alilotoa lilikuwa moja tu: nyumba yenye jiko. Mwaka 2009 walilala kwenye loji isiyo na jiko, wakala mgahawani mwezi mzima, chakula kikali kwa pilipili, naye kidonda kifuani. Baba aliwahi kuniambia mama alirudi Tanga na moyo mzima lakini mwili umebaki fremu. Kwa hiyo safari hii kabla ya tiketi, kabla ya viza ya matibabu na ile ya msindikizaji, nilitafuta jiko.

Dalali alinihakikishia kwa simu kwamba lipo. Tulipofika, jiko lenyewe lilikuwa birika la umeme juu ya kabati la nguo. Mama akakaa kwenye ngazi, miguu imemvimba, hakusema neno. Nikamwacha na mabegi kwa mlinzi, nikaingia vichochoro vya pembeni mwa barabara ya Greams, mtaa ambao kila nyumba ya pili ni ya kupangisha wagonjwa. Nimeona vyumba vingi. Kimoja jiko lipo lakini mtungi hauna gesi. Kingine jiko ni la wapangaji sita. Nyumba ya tatu nikakuta nilichokitaka: ghorofa ya pili, lifti inafanya kazi, chumba kimoja chenye vitanda viwili, kisebule, na jiko la kufunga mlango, lenye plate mbili, mtungi mwekundu wa kilo 14.2, sufuria nne za chuma na preshakuka. Rupia 1,500 kwa siku, kama shilingi elfu 42 za kwetu. Msimamizi akachukua pasipoti na picha zetu ili atuandikishe kwenye mfumo wa serikali. Mwenye nyumba anayepokea mgeni wa nje ana saa 24 za kufanya hivyo.

Mama alipoingia hakutazama vitanda. Alikwenda jikoni, akafungua gesi, akawasha, akauangalia moto wa buluu mpaka ukatulia. "Hapa tutakaa," akasema.

Jumapili, 5 Januari

Chai ya kwanza imeharibika. Nilichota maji ya bomba nikachemsha, ikawa na chumvichumvi kama maji ya kisima cha pwani, na ndivyo yalivyo: ni ya kisima. Hayo ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa na kupikia huletwa kwenye dumu la lita 20, unamwita kijana wa duka la chini, analipandisha begani. Nikamwita "anna", yaani kaka, neno la kwanza la Kitamil nililofundishwa na msimamizi. Mwanamke mkubwa kwako ni "akka". Mama yangu wote wanamwita "amma", naye amependa, anasema halina haja ya mkalimani.

Dukani nimenunua maziwa ya Aavin ya pakiti ya buluu, nusu lita rupia 20, mchele, vitunguu, ndimu, na nikawa natafuta unga wa uji bila kujua niuombeje. Nikaona mfuko umeandikwa "ragi", unga wenye rangi ya udongo mwekundu. Nikaufungua pale pale nilipomaliza kulipa, nikaunusa. Ulezi! Ulezi ule ule wa nyumbani. Watu wa huku wanaula tangu zamani, wana uji wao wa kuchachusha wanaouita "koozh".

Nimepika uji usiku, mwepesi, ndimu kidogo, hakuna sukari. Mama amekunywa bakuli mbili. Wiki nzima nyumbani alikuwa anaonja tu na kusukuma.

Jumatatu 6 na Jumanne 7 Januari

Damu, eksirei, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, meno (ndiyo, meno, jino bovu hupeleka vijidudu kwenye vali), tena damu. Foleni ndefu lakini zinatembea. Jioni ya Jumanne mama amelazwa. Chakula cha nje hakiruhusiwi wodini, nimerudi na chupa yangu ya uji ikiwa imejaa.

Alhamisi, 9 Januari

Waliingia naye saa moja na nusu asubuhi. Kifua kilichowahi kupasuliwa kina makovu ndani, kwa hiyo kukifungua tena ni kazi ya taratibu. Daktari alishatuambia vali mpya itakuwa ya chuma na kaboni, haichakai, lakini atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na kaka yangu akiwa kwenye simu kutoka Dar, hatuzungumzi, tunasikilizana kupumua tu. Saa tisa kasoro wakaniita. Imekwisha, vali inafanya kazi. Nimeruhusiwa kumwona kwa kioo dakika mbili. Mirija mingi. Vidole vyake vilikuwa na ile hina ya harusi ya mjukuu wake, haijafutika.

Nimerudi nyumbani usiku, jiko safi, kimya. Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Jumapili, 12 Januari

Ametolewa chumba cha wagonjwa mahututi. Ameniuliza kwanza kama mtungi wa gesi haujaisha.

Jumanne, 14 Januari

Jana mji mzima ulikuwa na moshi. Ni siku yao ya kuchoma vikorokoro vya zamani, magodoro, mikeka, vikapu. Leo ni Pongal, sikukuu ya mavuno. Nimetoka alfajiri kwenda hospitali nikakuta kila kizingiti kimechorwa maua kwa unga, na mke wa msimamizi ameinama anamalizia lake, unga unachirizika kati ya kidole gumba na cha shahada kama uzi, mstari haukatiki. Milangoni wameegesha miwa mizima yenye majani.

Akaniita juani, kwenye uwazi wa nyuma. Ameweka chungu juu ya mafiga, ndani mchele na maziwa, na sukari guru pembeni. Tukasubiri. Maziwa yalipopanda na kumwagika nje ya chungu wote wakapiga kelele, "Pongalo Pongal!", watoto wanaruka. Kwetu maziwa yakimwagika mtu anafokewa. Kwao kumwagika ndiko kunakotafutwa, ndiyo baraka ya mwaka. Neno lenyewe pongal maana yake kuchemka na kufurika. Nikapewa bakuli yangu, tamu, ina iliki na korosho. Nimekula nikilia, na akka hakuniuliza kitu, alinishika bega tu.

Ijumaa, 17 Januari

Mama yuko nyumbani.

Tumepewa masharti mengi. Asinyanyue kitu kizito, asivute wala kusukuma mlango kwa mikono, akitaka kukohoa aubane mto kifuani. Chumvi kidogo sana. Maji kwa kipimo. Na dawa ile ya damu, kila jioni saa ile ile.

Asubuhi katika nyumba hii utasikia preshakuka za kila ghorofa zikipiga filimbi, na watu wanahesabu mapishi kwa filimbi: dengu tatu, viazi mbili. Wapangaji wengi ni Wabengali, wengine wametoka Oman, na ghorofa ya nne yupo bi mkubwa wa Unguja na mjukuu wake mwenye tundu kwenye moyo. Alishuka kumjulia hali mama, akakuta nimepika wali mkavu na dengu, akaonja. "Mwanangu, umewanyima nazi?" Nikamwambia sina mbuzi. Akacheka, akanishika mkono mpaka kwa mke wa msimamizi.

Akka akatoa chini ya meza kibao chenye kisu kilichopinda kwenda juu, na kwenye ncha ya kisu, duara dogo la chuma lenye meno. Unakalia kibao au unakikanyaga kwa mguu, unakuna. Kisu cha mboga na mbuzi ya nazi, vyote kwenye chombo kimoja. Mama alipokiona alikigeuza upande huu na upande huu. "Hawa ni ndugu zetu," akasema.

Yeye hawezi kukuna, kifua hakijaunga. Nikakuna mimi, ameketi kitandani mlango wa jiko umefunguliwa, ananisikiliza. "Unaparura kifuu hicho, nasikia. Zungusha." "Abee, mama." "Zungusha, usisukume." Na kweli, nilipozungusha sauti ilibadilika, nazi ikawa inaanguka nyeupe bila vumbi la kahawia. Mtaalamu wa lishe ametukataza tui zito kwa sababu ya mafuta, kwa hiyo nimetumia la pili tu. Wali ulinukia mpaka ngazini.

Usiku, taa zimezimwa, nikasikia kitu kinagonga. Tik, tik, tik, kidogo sana, kama saa ya mkononi iliyofunikwa kwa shuka. Nikafikiri ni bomba. Nikasogea. Ni vali. Inatoka kwenye kifua cha mama.

"Unaisikia?" akaniuliza gizani. Nikasema naisikia. "Nami naisikia. Lala."

Jumatatu 20 hadi Alhamisi 23 Januari

Siku nne hizi ziandikwe kwa makini, kwa ajili ya yeyote anayemuuguza mtu wa vali ya chuma.

Kipimo cha kuonesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani kinaitwa INR. Mama amepangiwa akae kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ikiwa juu, anaweza kuvuja damu. Jumatatu ilikuwa 2.2. Muuguzi akasema mboga za majani zina vitamini K, inayopingana na dawa. Mimi nikasikia neno "kupingana" nikaondoa majani yote jikoni. Mchicha niliokuwa nimenunua nikampelekea bi mkubwa. Siku tatu mama amekula wali, samaki, boga. Dozi nayo ilikuwa imeongezwa kidogo.

Alhamisi: 4.1. Damu ya ufizi alipopiga mswaki asubuhi nilikuwa nimeiona, sikuielewa.

Mtaalamu wa lishe alinikalisha chini, binti mdogo mwenye jasmini nywelani, hakuniharakisha. Akanieleza kwamba dozi hupangwa kufuatana na chakula cha mtu. Mtu akila mchicha kila siku, dozi inapimwa pamoja na mchicha wake. Kinachoharibu ni kuyumba: leo bakuli, kesho hakuna, keshokutwa sufuria nzima. Kwa hiyo mama ale majani, ila kiasi kile kile kila siku. Dawa wakaipunguza.

Narudi nyumbani nimechoka na nafsi yangu. Mama ndiye aliyepata jawabu. Kabatini kuna vikombe vya chuma wanavyonywea kahawa huku, vidogo, vina ukingo uliokunjwa nje. "Chukua kimoja, kiwe cha mchicha tu," akasema. "Tusikinywee." Tangu siku hiyo, mchicha uliopikwa hupimwa kwa kikombe hicho, sawa na ukingo, mchana, kila siku. Majani ya mlonge, ambayo huku wanayauza mafungu kwa mafungu na mama anayapenda sana, tumeyaacha kabisa mpaka atakapozoea.

Mgahawani ningelipimaje hili? Nani angenipimia?

Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda soko la Koyambedu, bi mkubwa amekaa na mama. Metro kutoka kituo cha Thousand Lights, unabadilisha treni Central, unashukia Koyambedu kwenyewe. Soko hili lilifunguliwa 1996 kupunguza msongamano wa katikati ya mji, na ukubwa wake huwezi kuumaliza kwa miguu asubuhi moja: upande wa mboga, upande wa matunda, upande wa maua, ambako watu wanapima jasmini kwa mizani kama sisi tunavyopima maharage.

Nimepata mihogo, ndizi mbichi, bamia, mbilimbi, nazi kumi. Mihogo inauzwa na udongo wake. Muuzaji mzee aliniona naivunja kuangalia kama ina mizizi migumu, akatikisa kichwa kule kwao kwa kukubali, akanichagulia mwenyewe.

Jumatatu, 27 Januari

3.0. Nimeipiga picha karatasi nikaituma kwenye kundi la familia. Shangazi amejibu kwa dua ndefu ya sauti, dakika nne.

Jumanne, 28 Januari

Mama ametaka nguru. Nikaenda Chintadripet, soko la samaki, mapema. Huku nguru anaitwa "vanjaram" na ni samaki wa heshima, bei yake si ya kila siku. Nimenunua vipande viwili tu, nikamwonesha mkata samaki kwa mkono unene ninaoutaka.

Mchuzi: kitunguu, nyanya, bizari ya manjano, mbilimbi ili chachu ichukue nafasi ya chumvi, tui la pili, majani ya mchuzi aliyonipa akka dakika ya mwisho. Mihogo ya kuchemsha. Kikombe cha mchicha.

Mama alikula mezani kwa mara ya kwanza, si kitandani. Alikula kwa mkono, taratibu, akatoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani, akaendelea. Nilikuwa nasubiri aseme neno kuhusu chumvi. Hakusema.

Alhamisi, 30 Januari

2.8. Daktari amesikiliza kifua, amegonga mgongo, ametoa barua ya kuruhusu kuruka. Kipimo kitaendelea Tanga, Hospitali ya Bombo, kila wiki, na kliniki ya moyo Dar kila baada ya miezi mitatu.

Mjukuu wa bi mkubwa anaingia chumba cha upasuaji kesho. Nimempikia bi mkubwa uji wa kumtosha kushinda nao.

Jumamosi, 1 Februari

Mtoto amepasuliwa salama jana. Tundu limezibwa. Bi mkubwa alishuka saa nne usiku kutuambia, akasimama mlangoni, hakuweza kuingia wala kuondoka.

Leo alfajiri mama ametaka kuiona bahari. Mwaka 2009 alikaa mwezi mzima hakuwahi kuiona. Tukachukua bajaji hadi ufukwe wa Marina, dereva akaendesha polepole nilipomwonesha kifua cha mama kwa ishara. Mchanga ni mpana mno, mama asingeweza kuuvuka, tukakaa kwenye ukuta wa barabarani. Jua huku linatokea baharini, kama kwetu Tanga. Lilipochomoza wavuvi walikuwa wanavuta wavu, wawili wawili, na mama akawa anawahesabia mivuto kwa sauti ya chini.

"Baba yako alitaka tuje hapa," akasema. "Nikamwambia sina nguvu. Akasema basi, siku nyingine."

Tulikaa mpaka jua likawa kali.

Jumatatu, 3 Februari

Ndege ni usiku. Mchana nimefua mashuka, nimesugua jiko, nimerudisha kibao cha nazi kwa akka. Akakikataa. Akamwonesha mama, akaonesha begi. Mama akashika mikono yake yote miwili akaiweka kifuani, pale penye kovu, akka akainama, nadhani alikuwa anasikiliza.

Kibao kimefungwa kwenye kanga, kimo kwenye begi la kupakiwa chini kwa sababu ya kisu.

Nusu mfuko wa ragi, nazi tatu, dumu la maji lisilofunguliwa na mwiko nilioletewa na Mkenya mmoja wa ghorofa ya tatu nimevipandisha kwa bi mkubwa. Mjukuu wake anatoka wodini Alhamisi. Kikombe cha mchicha nilikiosha nikakirudisha kabatini na wenzake. Mama akanifuata jikoni, akakitoa.

"Hiki muulize msimamizi anataka rupia ngapi," akasema. "Tanga nitapimia nini?"